Lori jekundu au lori jeusi? Roboti moja, rangi mbili

Dereva mmoja wa semi, mteja wangu wa siku nyingi, aliegesha gari kando ya gereji yetu hapa Mbeya akielekea Tunduma, akashuka na simu mkononi. Alitaka nimwangalizie picha. Mwanawe anatimiza miaka tisa na amemwahidi roboti linalogeuka lori. Kwenye simu yalikuwapo mawili, jekundu na jeusi, yanafanana kama mapacha. "Fundi," akaniambia, "hili jeusi ndilo limetoka juzi. Jipya si ndiyo bora?"

Nikamwambia asubiri, nikaingia ndani nikatoka na boksi. Yote mawili ninayo. Jekundu nililinunua mkononi kwa mtu miaka minne iliyopita, jeusi nimelipata mwaka huu. Nikamwomba afumbe macho, nikampa moja, nikamwambia akunje goti. Likakunjika na mlio mdogo, tik. Nikampa la pili. Akakunja, likagoma, akaongeza nguvu mpaka nikamshika mkono. "Hili ndilo jipya," akasema kabla hajafumbua macho. Na kweli lilikuwa jeusi.

Basi ulinganisho wangu unaanzia gotini. Mimi kazi yangu ni kupuliza rangi magari, na nimeshaona wateja wengi wakizunguka gari wakisifia mng'ao wa boneti bila kufungua mlango kuona bawaba zimekaaje. Toi la kugeuka ni bawaba mwili mzima. Rangi ukiipenda ipende, lakini kwanza ligeuze, kutoka lori hadi mtu na kurudi tena lori, ndipo uzungumze bei.

Niseme mapema kwamba malori haya si ya Hasbro wala Takara Tomy, kampuni zinazotoa Transformers, yale maroboti maarufu yanayogeuka magari na ndege. Ni kazi ya kampuni ndogo inayotengeneza maroboti ya mtindo huohuo, na jina naliacha, maana ninayoyaeleza ni ya haya mawili yaliyo mezani kwangu. Yote yana urefu wa sentimita 18 hivi yakisimama. Yote yana kichwa cha lori bapa mbele, madirisha yanayokuwa kifua, bomba mbili za moshi zinazobaki mabegani, na miguu inayolala nyuma kuwa chesisi. Kalibu, yaani umbo la chuma linalomwagiwa plastiki, ni ileile. Ukilaza mkono wa hili juu ya mkono wa lile, kila mfereji unakaa sawa na mwenzake.

Na kutumia kalibu moja mara mbili si ujanja wa leo, wala si utapeli. Transformers wenyewe walianza hivyo. Hasbro ilipoyaleta matoi hayo Marekani mwaka 1984, ilichukua maroboti yaliyokuwa tayari yanauzwa na Takara ya Japani chini ya majina Diaclone na Micro Change, ikayapa majina mapya, hadithi mpya, na mengine rangi mpya. Ndege watatu wa mwaka ule wa kwanza, Starscream, Thundercracker na Skywarp, ni F-15 moja iliyovishwa nguo tatu: kijivu chenye nyekundu, bluu, na nyeusi yenye zambarau. Prowl wa polisi na Bluestreak ni Nissan moja ya michezo, na Smokescreen akawafuata kwa mwili uleule. Ultra Magnus wa mwaka 1986, ukimvua deraya zake, ndani unakuta kichwa cha lori cha Optimus Prime, kiongozi wao, kilichofanywa cheupe. Kwa sisi wa barabara hii ninayempenda zaidi ni Trailbreaker, Hilux nyeusi yenye bodi ya kambi nyuma, ambayo kalibu yake ilibadilishwa kidogo ikatoa Hoist, Hilux ya kijani ya kuvuta magari mabovu. Hilux hiyohiyo tunayoiona kila siku ikipanda Uyole na magunia ya viazi.

Sababu yake inaeleweka hata kwa fundi wa kijijini. Kalibu huchongwa kwenye chuma kigumu, sehemu kwa sehemu, na gharama kubwa iko pale. Plastiki yenyewe ni rahisi. Aliyekwisha kulipia kalibu atataka kuijaza tena na tena. Kwa hiyo toleo la rangi mpya lisikutie shaka kwa kuwa tu ni la rangi mpya. Swali ni moja: rangi imewekwa wapi?

Rangi ya ndani na rangi ya juu

Plastiki hupata rangi kwa njia mbili. Ya kwanza, rangi huchanganywa na punje za plastiki kabla hazijayeyushwa, hivyo kipande kikitoka ni chekundu mpaka moyoni. Ukikikwaruza, chini yake ni nyekundu tena. Ya pili, kipande hutoka na rangi yoyote halafu hupulizwa rangi juu, kama ninavyofanya mimi na mlango wa Noah. Hapo ukikwaruza, siri inatoka.

Sasa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Vipande havimwagwi kimoja kimoja. Vinatoka kwa mafungu, vingi vikiwa vimeshikana kwenye fremu moja kama matawi ya mti, na fungu zima lina plastiki ya rangi moja. Aliyepanga mafungu aliyapanga akiwaza lori jekundu. Kwenye jekundu, mapaja, ngumi na maungio ya magoti viko fungu moja la kijivu cheupe, na vyote vimeachwa hivyohivyo bila rangi juu. Ndiyo maana goti lake linasema tik na kwisha.

Walipotoa jeusi walitaka mapaja ya fedha inayong'aa lakini ngumi ziwe za kiza. Fungu ni moja, haliwezi kuwa rangi mbili. Wakalimwaga lote kijivu cha giza, kisha wakapuliza fedha kwenye mapaja. Na fedha ile ikaingia mpaka ndani ya ungio la goti, mahali ambapo plastiki na plastiki zinasuguana. Mkono mmoja tu wa rangi ni mwembamba kuliko karatasi, lakini kalibu haikuacha hata nafasi ya karatasi. Pini ikabanwa.

Nimeligeuza jeusi mara kumi na mbili tangu lifike. Mara ya tatu nikaona unga wa fedha kwenye kidole gumba. Mara ya saba, kwenye ukingo wa goti la kushoto, pametokea alama ndogo ya giza yenye umbo la kucha. Sasa imekuwa kama punje ya mchele. Jekundu limegeuzwa na mpwa wangu kwa miaka minne, mara zisizohesabika, na mapaja yake ni kijivu kilekile, yana mikwaruzo ambayo unaiona tu ukiinamisha toi kwenye mwanga.

Kwa hiyo ukiwa na toi la rangi mpya mkononi, usiulize kama rangi ni nzuri. Tafuta sehemu zinazosuguana, yaani magoti, mabega, kiuno, na bawaba za milango, uone kama rangi ya pale ni ya plastiki au ni ya kupulizwa. Utaijua kwa kingo zake. Rangi ya kupulizwa hujikusanya kidogo kwenye pembe na kufanya mviringo pale ambapo kalibu iliacha ncha kali. Kifua cha jeusi kina ncha kali, maana kile ni cheusi cha plastiki yenyewe, na kifua hicho kitadumu. Goti lina pembe za mviringo.

Jeusi lilipomshinda ndugu yake

Nisilionee jeusi. Kuna jambo limerekebishwa ambalo kwa miaka minne limenikera kwenye jekundu.

Jekundu likiwa lori, kiuno hushikwa na kishikizo kimoja kifupi. Ukilisukuma mezani, magurudumu ya nyuma huteleza pembeni, lori likawa kama limevunjika mgongo. Mpwa wangu alishalifunga kwa mpira wa kufungia noti, na mpaka leo kuna mstari hafifu pale mpira ulipokaa. Kwenye jeusi kishikizo kimeongezwa urefu kidogo sana. Huwezi kukiona usipoviweka viwili kando kwa kando. Lakini lori linafunga, linabaki limefunga, na unaweza kulinyanyua kwa kushika bomba la moshi bila lolote kulegea. Aliyelitengeneza alisikiliza malalamiko. Kalibu inaporudishwa kazini, mtu mwenye nia njema hupata nafasi ya kuigusa, na hapa aliitumia.

La pili ni alama. Jekundu lilikuja na karatasi ya stika, ukazibandika mwenyewe. Zile za kwenye milango zimeanza kunyanyuka pembe, na vumbi la Agosti limeingia gundi yake ikawa mistari ya kahawia. Jeusi limepigwa chapa moja kwa moja juu ya plastiki, michirizi ya bluu ya kijani inayopita ubavuni bila kupinda hata pale mlango unapokutana na kifua. Nimeitazama chapa ile kwa lenzi ninayotumia kuangalia vitundu vya rangi kwenye gari. Ni kazi safi. Mimi mwenyewe ningejivunia.

Na macho. Jekundu lina macho ya bluu ya kupakwa ambayo yamevuka kidogo mstari wake. Jeusi lina macho mekundu ya plastiki angavu, na nyuma ya kichwa wameacha kidirisha ili mwanga upite. Ukilisimamisha dirishani asubuhi, saa moja, jua likipanda, macho yanawaka. Nilisimama pale na chai mkononi mpaka chai ikapoa.

Plastiki angavu hiyohiyo, kwa upande mwingine, ina udhaifu. Haipindi kama plastiki ya kawaida, hupasuka. Katika malori yote mawili fremu ya madirisha ya kifuani ni ya plastiki angavu, na pini ya chuma imepita ndani yake. Ukinunua lolote kati ya haya, liinue kwenye mwanga utazame pale pini inapoingia. Ukiona mstari mweupe mwembamba kama unywele, ufa umeshaanza. Liache.

Jua na vumbi la huku

Wauzaji wa mbali hawalizungumzii hili. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Baridi hutudanganya tukadhani jua ni dogo, kumbe mionzi inayochosha rangi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Naiona kwenye magari kila siku: paa la gari lililokaa huku miaka kumi, klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, imebabuka kama ngozi ya kitunguu. Toi linalokaa dirishani linapigwa na jua hilohilo. Plastiki nyeupe na kijivu cheupe hugeuka njano, nyekundu hupauka ikawa ya matofali. Nyeusi huvumilia zaidi.

Lakini nyeusi na vumbi ni maadui. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, barabara ya vumbi mbele ya gereji inatuma kila kitu ndani. Jeusi linataka brashi laini kila siku mbili, na usilifute kwa kitambaa kikavu, maana vumbi letu ni msasa, litakuachia miduara kwenye ile fedha. Jekundu unaweza kulisahau wiki tatu.

Ukiwa Makete au Njombe kwenye baridi kali zaidi, kumbuka pia kwamba vipande laini, kama matairi na ncha za silaha, hukakamaa asubuhi. Liache toi lipate joto la chumba ndipo uligeuze.

Tela

Hapa ndipo dereva wangu alipoamua, na sikumlaumu.

Jekundu linakuja na tela. Tela la kweli, lenye magurudumu manne, miguu miwili ya kusimamia likiachwa peke yake, na pini ya kuunganishia chini ya shingo. Linafunguka kuwa kituo. Jeusi halina tela. Badala yake wameweka panga mbili na shoka, vyote vya plastiki ya bluu ya kijani. Ukilisimamisha kama mtu, na panga zile mbili mgongoni, linapendeza kuliko jekundu, nakubali bila kusita. Ukiligeuza lori, ni kichwa kitupu.

Dereva alilishika jeusi likiwa lori, akaligeuza upande wa nyuma, akatafuta kwa kidole mahali pa kuunganishia. Tundu lipo, kwa sababu kalibu ni ileile. Hakuna cha kuingiza. "Mwanangu anajua baba yake anavuta nini," akasema. "Nikimpelekea kichwa bila tela ataniuliza mzigo nimeacha wapi."

Bei nayo inaliongezea jekundu uzito. Mimi jekundu nilitoa shilingi 110,000, likiwa limetumika, na tela lake. Jeusi nimetoa 150,000, jipya, halina tela. Tela la jekundu linaingia kwenye jeusi bila shida, kwa hiyo mwenye yote mawili anaweza kuazimisha. Anayenunua moja tu atakosa.

Ukiwa dukani au ukipokea mzigo stendi

Wengi wetu tunaletewa mizigo kwa basi kutoka Dar, tunafungua boksi pale stendi tukiwa tumesimama. Jipe dakika kumi. Kunja goti kwanza, moja kwa moja, polepole, na likigoma usilazimishe: kubana kwa rangi kunatibika, pini iliyopasua plastiki haitibiki. Tazama mishono, maana kalibu iliyotumika mara nyingi hulegea kwenye maungano na kuacha ukingo mwembamba wa plastiki iliyozidi. Jeusi langu lina ukingo huo juu ya matairi ya mbele, mdogo, nimeuondoa kwa wembe. Lisimamishe kwa mguu mmoja. Hesabu vifaa vyake kwa kufuata picha ya kwenye boksi kabla aliyekuletea hajaondoka.

Futa kipande kilichopakwa kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, lirudishe, na hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetia vitu mdomoni. Rangi nyingine zina risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Kwa macho huwezi kuitambua. Boksi likiwa na kile kiduara chenye uso wa mtoto na 0-3 kilichokatwa mstari, maana yake lina vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Umri huo mtafutie gari la mbao, na mafundi wa kuyachonga tunao.

Goti likikubana, usimimine thina wala petroli. Thina inayeyusha plastiki hii. Nimeona kijana wa gereji akigeuza mkono wa toi la mdogo wake kuwa uji. Nilichofanya mimi ni kufungua skrubu mbili ndogo nyuma ya paja, kutoa pini, na kusugua ndani ya tundu kwa msasa namba 1000 uliozungushwa kwenye kijiti cha meno, mizunguko sita, nikapuliza unga, nikapaka tone la mafuta ya silikoni. Kiungo kilicholegea kinatibiwa kinyume chake: tone la rangi ya kucha isiyo na rangi ndani ya tundu, uliache likauke usiku kucha ndipo urudishe.

Kama mnunuzi ni mtoto wa kucheza, mimi nampa jekundu, hata likiwa la mkononi, hata stika zikiwa zimenyanyuka. Kiuno kile kinachoteleza atakizoea. Kama ni mtu mzima anayetaka kitu cha kabatini, na hana hata moja, achukue jeusi, aligeuze mara chache, aweke panga mgongoni aliache lisimame. Mwenye jekundu tayari, anayetaka jeusi kwa sababu ya rangi peke yake, ningemshauri asubiri. Kampuni iliyorekebisha kiuno inaweza kutoa rangi ya tatu, na nikiona wameyaacha magoti bila kupulizwa nitakuwa wa kwanza kulipa.

Mpwa wangu alikuja Jumamosi kutoka Tukuyu. Nilikuwa nimemaliza goti la kulia la jeusi, la kushoto bado. Akakunja la kulia, tik. Akakunja la kushoto, akaliacha katikati, akanitazama.

"Mjomba, hili linagoma."

"Naliona. Lete kijiti cha meno."

Akavuta kiti, akashika paja la fedha kwa ncha za vidole ili asilichubue, nami nikaanza na skrubu ya juu.